Taima si taima tu, jamani

Naomba nafasi niseme na wenzangu tuliorudi kutoka Tanzania, na hasa na wafanyabiashara wa mpaka wa Manyovu na Mugina.

Mimi ni mwalimu. Nilisoma Mishamo, nikarudi Burundi mwaka 2009. Wengi wetu tulikuta mashamba ya wazazi yana watu wengine. Na tangu Oktoba 2021 sheria inakataza mifugo kuzurura. Mbuzi sharti alishwe zizini. Asiye na shamba atatoa wapi majani? Ndiyo maana wapo walioanza kuotesha mahindi chumbani, kwenye trei bila udongo. Mbegu hulowekwa, pampu ndogo huzinyunyizia maji, na baada ya wiki moja hivi mbuzi ana chakula.

Kuiwasha na kuizima pampu ni kazi ya taima. Hapo ndipo ninapopingana na wanaosema kuwa taima zote ni sawa.

Ile ya kuzungusha kwa mkono, ambayo ndiyo rahisi, huwa na vijino 96, kila kimoja dakika 15. Haiwezi kuwasha kwa muda mfupi zaidi ya huo. Tuseme trei zinataka dakika 1 kila baada ya masaa 2: hizo ni dakika 12 kwa siku. Kwa taima hiyo zitakuwa dakika 180! Mbegu zitaoza na kushika ukungu, na ukungu humdhuru mnyama. Tena umeme ukikatika masaa 4, nayo hubaki nyuma masaa 4. Inafaa taa, si pampu.

Ya tarakimu yenye betri ndani haipotezi saa, na nyingi hushuka hadi dakika 1. Bora zaidi ni ya mzunguko, inayopangwa kwa sekunde. Hata hivyo hakuna taima inayoleta umeme uliokatika. Weka bomba la mkono karibu.

Soma pia maandishi ya mgongoni. Ukiona 16(2)A, namba ya kwanza ni ya vitu kama pasi. Ile ya kwenye mabano ndiyo ya mota, yaani pampu. Kwa volti 220 ni kama wati 440 tu.

Kuna na mambo ya mpaka. Plagi ya Kigoma ina meno matatu bapa, wakati soketi zetu ni za matundu ya mviringo. Adapta iliyolegea karibu na maji ni hatari. Saa ya Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja. Na 07:00 kwenye kioo ni saa 1 asubuhi, si saa 7.

Ndugu wafanyabiashara, kabla ya kupokea pesa mwulizeni mteja swali moja: ni ya taa au ya pampu? Asiye na shamba akipoteza trei zake, hana pengine pa kukata majani.