Ngoma za Padri Arbeau
Kila majira ya joto, maelfu ya Wamarekani huhamia mahemani jimboni Pennsylvania, kwenye tamasha la Pennsic, wakivaa kama Wazungu wa zama za kati. Usiku filimbi na zumari, jamaa wa karibu wa ile ya Lamu, huwaita uwanjani. Kipenzi chao ni ngoma ya wafua nguo: wanawake, mkono kiunoni, wanawatikisia wanaume kidole, wanaume nao wanajibu, kisha makofi yanalia kama nguo zikipigwa jiweni. Hatua hizo aliziandika padri Mfaransa, Thoinot Arbeau, kitabuni mwaka 1589, kila hatua kando ya noti yake. Kufikia mwaka huo zama za kati zilishapita zamani! Siwalaumu wachezaji hao: ngoma za karne ya 13 hakuna aliyetuachia mwongozo wa hatua, na mpiga ngoma keshaanza.