Majirani Wasio na Msuluhishi

Mwaka 2014 kampuni ya Universal ya Marekani ilitoa filamu ya kuchekesha iitwayo Neighbors, ambayo Uingereza ilionyeshwa kwa jina la Bad Neighbours. Mwongozaji wake alikuwa Nicholas Stoller, na wachezaji wakuu Seth Rogen, Rose Byrne na Zac Efron. Kuitengeneza kuligharimu dola milioni 18 hivi. Mapato yake duniani yalipita dola milioni 250. Lugha yake ni ya matusi, na mengi yaonyeshwayo humo hayatazamiki mbele ya wakwe. Huko kwao kwenyewe ilipewa daraja la kuwazuia walio chini ya miaka 17 wasiitazame pasipo mzazi au mlezi.

Ni rahisi kuilaani filamu ya namna hii na kuishia hapo. Sisi tunaona kuwa hiyo haitoshi. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi asitazame, bila kumweleza sababu, amemwongezea hamu tu. Hatuna budi kuuliza ni kitu gani hasa kinachouzwa ndani ya kicheko hicho.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mume na mke wenye mtoto mchanga wamenunua nyumba katika mtaa wa watu watulivu. Nyumba ya pili inachukuliwa na chama cha wanafunzi wa kiume wa chuo kikuu, ambao kazi yao ya usiku ni ulevi na muziki. Pande mbili hizo zinaanza kwa urafiki, na kupeana ahadi: kelele zikizidi, wenye nyumba watampigia simu kiongozi wa vijana, wala hawataita polisi. Usiku unaofuata simu ya kijana haipokelewi. Polisi wanaitwa. Naye askari anayefika anawafunulia vijana ni nani aliyelalamika. Kuanzia hapo ni vita.

Tutazame vita hivyo vinavyopiganwa. Mlalamikaji anakwenda kwa mkuu wa chuo, naye anakuta kiongozi anayejali zaidi jina la chuo katika magazeti kuliko usingizi wa raia. Basi mume na mke wanaharibu bomba ili maji yaifurike nyumba ya vijana. Vijana wanapata fedha za matengenezo kwa kuuza vitu vya aibu ambavyo gazeti hili halitavitaja. Mifuko ya hewa ya gari, iliyowekwa kuokoa maisha, inaibwa na kufichwa katika viti ili imrushe mtu hadi darini. Mwisho wa yote, watu wazima hao, wazazi wenye kazi zao, wanaghushi barua yenye jina la uongozi wa chuo ili kuwanasa vijana waliowekwa chini ya uangalizi. Na mtazamaji anashangilia!

Hapo ndipo penye kasoro kubwa kuliko matusi. Tusi humtia mtu haya, na haya hiyo yenyewe ni kinga. Barua ya kughushi haimtii mtu haya inapochekesha. Inampa somo kwamba ofisi zikikushinda, tumia hila. Mtumishi wa umma anajua kughushi barua ni kosa la jinai. Je, kijana aliyecheka kwa saa moja na nusu anajua hivyo?

Tukitenda haki, yafaa tukubali kwamba filamu hii ina ukweli mmoja. Kiongozi wa vijana anaogopa kumaliza masomo kwa sababu hajui atakuwa nani nje ya chuo. Mume naye anaogopa kwamba ujana umempita. Wanafanana kuliko wanavyodhani. Mwishoni, chama kikiwa kimefungwa, wawili hao wanakutana na kuzungumza kama watu. Maneno hayo yangesemwa siku ya kwanza, pasingekuwa na ugomvi. Lakini pasingekuwa na filamu pia, wala dola hizo, wala sehemu ya pili iliyotolewa mwaka 2016.

Nje ya sinema mambo hayachekeshi. Mwezi wa Februari 2017, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Penn State alifariki dunia baada ya kunyweshwa pombe nyingi katika shughuli ya kupokea wanachama wapya wa chama cha aina hiyo hiyo. Mwaka 2018 jimbo la Pennsylvania likapitisha sheria kali zaidi dhidi ya mateso ya kuingizwa chamani. Wamarekani wenyewe, basi, hawakuona kuwa ni utani.

Jambo linalokosekana katika mtaa ule wa filamu ni mtu wa kati. Kati ya simu ya jirani na gari la polisi hakuna mzee, hakuna kikao, hakuna anayewaketisha watu wawili na kuwauliza kulikoni. Katika nchi yetu, TANU ilianzisha mfumo wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, na Mabaraza ya Kata yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1985. Maana yake ilikuwa kwamba ugomvi wa uani uishie uani, kwa maneno, kabla haujafika mahakamani.

Lakini tusijisifu kwa urithi tusioutumia. Balozi anayenyamaza kwa sababu mwenye baa amemkirimu, mtendaji anayemtaja mlalamikaji kwa mlalamikiwa, na ofisa anayemzungusha mwananchi leo na kesho, hao wote wanaucheza mchezo ule ule, na wala hawalipwi dola hata moja. Mwananchi akikosa pa kusemea, atatafuta hila au atatafuta rungu.

Kwa hiyo walimu wasione aibu kuizungumza filamu hii na wanafunzi wakubwa, wakawauliza ni wapi ugomvi ungeweza kukomeshwa, na nani alipaswa kuukomesha. Nao watumishi wa umma wajiulize swali hilo hilo kila mlalamikaji anapobisha hodi. Jirani huchaguliwa na bahati. Usuluhishi huchaguliwa na watu.