Sato na kambare bwawa moja: Faida iko kwenye kipimo

Januari 2024 Serikali ilizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo isiyo na riba. Tangu hapo, ufugaji wa samaki ukitajwa, wengi hufikiria vizimba. Lakini mfugaji wa Morogoro, Tanga au Dodoma hana ziwa. Ana bwawa alilochimba mwenyewe, na swali lake ni jingine: achanganye samaki gani ili asipate hasara?

Wengi huanza na sato peke yake. Sato ni mvumilivu, hula pumba na vijimea vya bwawani, na soko lake ni la uhakika. Tatizo ni uzazi. Huanza kutaga akiwa na miezi mitatu hadi minne, kabla hajafikia uzito wa kuuzwa. Muda si mrefu bwawa hujaa watoto wanaogombea chakula na hewa na wazazi wao, na wote hudumaa.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Tuchukue mfano wa bwawa la mita za mraba 300 lenye vifaranga 600. Wakifa 100, wakabaki 500 wa gramu 300 kila mmoja, mfugaji atavuna kilo 150. Bwawa lililojaa watoto laweza kutoa kilo hizo hizo 150, ila ni samaki 2,500 wa gramu 60. Uzito ni ule ule, lakini mama lishe na mwenye hoteli hawamtaki samaki huyo.

Njia mojawapo ya kuepuka hali hiyo ni kununua vifaranga madume watupu. Hawa bei yao ni ya juu, tena hawapatikani kila mahali. Njia nyingine ni kumchanganya sato na kambare. Kambare hula watoto wa sato, hivyo mzigo wa bwawa hugeuka kuwa nyama inayouzika. Aidha, huweza kupumua hewa ya juu ya maji, kwa hiyo haathiriki upesi kama sato hewa ya majini inapopungua alfajiri.

Hata hivyo, kambare hachagui. Kinachoingia mdomoni mwake ni chakula. Ziwa Victoria ni fundisho. Sangara alipandikizwa humo miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka au kubaki chache mno. Viwanda vya minofu vilipata biashara, lakini aliyetegemea furu kwa kitoweo alipoteza. Ziwani ilichukua miaka mingi; bwawani wiki chache zinatosha.

Kwa hiyo mambo manne yazingatiwe. Kwanza, sato atangulie. Kambare aingie wiki kadhaa baadaye, akiwa mdogo kuliko sato waliomo. Pili, idadi: kambare mmoja kwa sato kumi ni kipimo cha kuanzia, kwa bwawa letu la mfano, kambare 60. Tatu, chakula. Kambare anahitaji protini nyingi kuliko sato, na akikosa watoto wa kutosha atawageukia wakubwa. Mfugaji asidhani kwamba kambare anajilisha mwenyewe. Nne, kingo ziinuliwe au bwawa lizungushiwe wavu, maana usiku wa mvua kambare hutambaa akaondoka.

Kiungo dhaifu ni vifaranga. Wauzaji wengine huchanganya wakubwa kwa wadogo katika mfuko mmoja, na kambare wakubwa huanza kwa kuwala wadogo wao. Mnunuzi adai wachambuliwe kwa ukubwa mbele ya macho yake kabla ya kulipa. Halmashauri nazo zingesaidia wengi kwa gharama ndogo iwapo maofisa ugani wangekagua mizigo hiyo. Mikopo ya vizimba ni jambo jema, lakini mwenye bwawa dogo anahitaji kwanza kifaranga alichopimiwa kwa haki.