Fundi Akisema "Iko Salama", Muulize: Umeangalia Kutoka Wapi?

"Mimi PIN yangu sijampa mtu!" Hivyo ndivyo mama mmoja wa Kilifi mjini alivyotuambia, hata salamu hazijaisha. Na ni kweli, hakumpa mtu. Alikuwa amelipia vyumba viwili vya wageni kule Watamu, Sh9,000 kwa namba ya till, kwa sababu ya arusi ya mpwa wake. Kesho yake akapigiwa na kijana mwenye adabu zake: "Shikamoo mama. Jana jioni saa kumi na mbili ulilipa Sh9,000 za vyumba viwili. Malipo yameingia mara mbili, tunataka kukurudishia." Jina lilikuwa sawa, saa sawa, pesa sawa. Mama akafuata maagizo hatua kwa hatua, PIN akaibonyeza mwenyewe kwenye simu yake mwenyewe, na badala ya kurudishiwa akajikuta ametuma Sh9,000 nyingine.

Swali lililotukosesha raha ni hili: yule kijana alijuaje?

Sisi wa timu ya elimu kwa wateja tumeimba wimbo wa "linda PIN yako" mpaka watu wameukariri. Wimbo ni mzuri, hatuuachi. Lakini maoni yetu leo ni kwamba tumemwachia mteja mzigo wote peke yake. Rekodi ya malipo yako haikai kwenye simu yako tu. Ukilipa, ujumbe wa malipo unaenda pia kwa mfumo wa yule uliyemlipa: jina, kiasi, saa. Na huo mfumo, siku hizi, mara nyingi uko "kwenye wingu".

Wingu lenyewe ni nini? Ni kompyuta unayokodi ndani ya kompyuta kubwa ya mtu mwingine. Mafundi huiita mashine pepe. Duka liko Malindi, lakini mashine inaweza kuwa Ulaya, au Cape Town, ambako Amazon ilifungua vituo vyake 2020. Hakuna ubaya hapo. Ubaya unakuja pale mwenye duka asipojua kama mashine yake inaonekana na dunia nzima au na wanaohusika tu.

Tulimtembelea mwenye vile vyumba. Ni mtu mwema, alitupokea kwa madafu, naye alishtuka kuliko sisi. Akamwita fundi wake. Fundi akafungua kompyuta pale ofisini, akaingia kwenye mfumo, akasema, "Iko salama, ina nenosiri." Tukamwomba kitu kimoja: azime Wi-Fi ya ofisi, aunganishe kompyuta na bando la simu yetu, kisha ajaribu tena, kama mtu baki aliye njiani. Akajaribu. Hifadhidata ya wateja, ile yenye majina na malipo yote, ikajibu: weka nenosiri. Fundi akanyamaza. Miezi kadhaa nyuma alikuwa ameufungua huo mlango "kwa siku mbili" ili afanye kazi akiwa nyumbani, akasahau kuufunga. Hatuwezi kuapa kwamba yule tapeli alipita hapo. Lakini mlango ulikuwa wazi, hilo tuliliona kwa macho yetu.

Tunajua jibu la wengi: "Mimi ni kaduka tu hapa Malindi, nani atanitafuta?" Jamani, hakuna anayekutafuta kwa jina. Anwani za intaneti za aina ya zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu iitwayo ZMap, inayoweza kubisha hodi kwenye anwani hizo zote, mlango wa aina moja, kwa muda usiofika dakika 45 na kwa kompyuta moja. Tangu 2009 kuna Shodan, tovuti inayoorodhesha mashine zilizo wazi kama vile soko linavyopanga bidhaa. Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi, nyingi hazina hata nenosiri, zilifutwa na wezi walioacha ujumbe wa kudai fidia. Udogo wako si maficho.

Wala tusichanganye mambo. Julai 2023 eCitizen ilipokwama, serikali ilisema mfumo ulijaziwa maombi na kwamba data haikupotea. Hiyo ni kama watu kufurika barazani mpaka mwenyeji hawezi kupita. Kila mtu aliona. Hii tunayoisema ni ya kimya kimya: hakuna kinachokwama, hakuna anayelalamika, na mtu anakusomea daftari lako la wateja usiku kucha.

Basi tufunge kila kitu? Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea. Mfumo wa malipo lazima upate pa kubisha ili ulete ujumbe kwamba mteja amelipa. Ukifunga kote, malipo yataingia na mfumo wako hautajua. Wazee wetu walilielewa hili zamani. Nyumba ya Mswahili ina baraza nje, mgeni anakaa hapo, anapewa kahawa, mazungumzo yanaendelea. Chumba cha ndani hakioni. Nenda Gede, karibu tu na Watamu, magofu ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia 2024: utakuta mji wenye ukuta wa nje, kisha ukuta wa ndani. Mashine ya biashara yako nayo inataka baraza na ndani.

Baraza ni tovuti yako, poti ya 443. Ndani ni hifadhidata (mara nyingi poti 3306, 5432 au 27017) na njia za fundi kuiendesha mashine akiwa mbali (poti 22, au 3389 kwa Windows). Hizi za ndani hazina sababu ya kuonekana na kila mtu duniani.

Wewe mwenye biashara huhitaji kuwa fundi. Muulize fundi wako maswali manne, akujibu kwa kukuonyesha, si kwa mdomo:

1. Mashine hii ina anwani ya IP ya umma? Na kama haina, kuna kifaa mbele yake kinachoipokelea wageni?
2. Mtandao wake una njia ya kutoka na kuingia intaneti?
3. Sheria za faiawoli zinaruhusu nani? Ukiona 0.0.0.0/0, maana yake ni dunia nzima. Usisahau ::/0, hiyo ni dunia nzima kwa anwani mpya za IPv6. Wengi hufunga ya kwanza wakaacha ya pili.
4. Ndani ya mashine, ni programu zipi zinasikiliza hodi, na zinasikiliza kutoka wapi?

Haya manne yakikutana kwenye poti moja, mlango uko wazi. Kisha lifuate la mwisho, ambalo ndilo kubwa: mwangalie kutoka nje. Fundi atumie Nmap akiwa kwenye bando la simu, si Wi-Fi ya ofisini, kwa sababu ofisi mara nyingi imeruhusiwa tayari na majibu yake hayakuambii anachokiona mtu wa nje. Ajaribu mashine yako tu. Kuingia kwenye mfumo wa mwenzio bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018.

Mkikuta wazi, fungeni siku hiyo hiyo, badilisheni manenosiri, msome kumbukumbu za mashine muone nani aliingia. Kama data ya wateja imefikiwa na kuna hatari ya kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue. Faini yaweza kufika Sh5 milioni, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Lakini faini si kitu ukilinganisha na mteja anayesema "pale nililipa, nikaibiwa." Hilo halina rufaa.

Na wewe mteja, una haki. Sheria hiyo hiyo inakupa ruhusa ya kujua taarifa zako zinatumika vipi. Ukilipa, uliza kwa heshima: "Rekodi zangu mnaziweka wapi, na nani anaziona?" Na mtu akikupigia akijua kila kitu kuhusu malipo yako, hiyo si dhamana kwamba ni mkweli. Kata simu, piga wewe mwenyewe namba unayoijua.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa, lakini aishie barazani. Kila mwisho wa mwezi, ukifunga hesabu, mwambie fundi: zima Wi-Fi, tuangalie mlango kutoka njiani. Ni kazi ya nusu saa hivi. Yule mama wa Kilifi mpaka leo hajarudishiwa Sh9,000 zake.