Masika Yasikukute na Uwanja Mtupu

Kaskazi imeanza kulegea. Mkazi wa pwani, awe wa Tanga, wa Bagamoyo au wa Kilwa, hahitaji kalenda imwambie kwamba masika yako njiani. Joto la usiku halina nafuu, mawingu hukusanyika jioni yakatawanyika bila kutoa kitu, na mafundi wa kuziba mapaa wameanza kutafutwa huku na huku. Kila mtu anajiandaa kwa namna yake: anayekaa bondeni anainua vitu vyake juu ya kabati, mwenye pikipiki anasaka matairi mapya. Ninalouliza mimi ni hili. Ni wangapi kati yetu wamekwisha kutifua hata hatua tatu za udongo nyuma ya jiko, ili mvua hiyo ambayo hatuilipii hata senti ikute kitu cha kunyeshea?

Wenzetu wa nchi za baridi wana msimu mmoja tu wa kuchipua. Theluji ikiyeyuka, wao mbio na majembe yao. Ukiwapita, hawana la kufanya ila kungoja mwaka. Sisi Mwenyezi Mungu katupa miwili: masika, tangu Machi hadi Mei, ambapo Aprili ndiyo huwa na mvua nyingi kuliko miezi yote, na vuli, tangu Oktoba hadi Desemba. Na bado mwenye msimu mmoja anakula mboga ya uwanjani kwake, na mwenye miwili anamngoja mama wa ungo apite akiita mchicha. Hili si jambo la kujivunia.

Tumerithi desturi ya kufagia uwanja mpaka mchanga ung'ae, nami siipingi, kwani nyoka huonekana mapema na nyumba hupata heshima yake. Lakini siku hizi desturi hiyo imevuka mpaka. Mtu akimaliza kujenga tu, anamwita fundi wa pevingi afunike uwanja wote, kutoka getini hadi kwenye shina la mwembe, na mwembe wenyewe anauachia kaduara kadogo utadhani mfungwa. Maji ya mvua yakija hayana pa kuingia. Yanakwenda kumtembelea jirani wa chini. Sisemi kwamba pevingi ndizo zilizoleta mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu Dar es Salaam, maana mvua ile ilikuwa kubwa mno. Nasema kila uwanja uliozibwa unachangia ndoo zake mtoni, na kila tuta la udongo laini linazizuia zake. Usizibe uwanja wote, bwana. Jiachie ukanda mmoja tu.

Sitawahadaa kwamba ukanda huo utawatajirisha. Fungu la mchicha ni bei ndogo, na ukihesabu jasho lako utaona ungeweza kununua mafungu mengi bila kuinama. Faida iko kwingine. Mboga iliyokatwa saa kumi na moja jioni na kuingia chunguni kabla ya magharibi haina mfano wake sokoni, ambako imelala juu ya gunia tangu alfajiri. Wewe unajua ilinyweshwa maji gani na ilipigwa dawa gani. Muuzaji, hata akiwa mkweli, mara nyingi hajui. Isitoshe, masika yakikolea na mabonde yakifurika, mboga za majani huadimika sokoni wakati ule ule ambapo uwanja wako ungekuwa umeshamiri. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Katika nyumba ngapi tunazozijua kiasi hicho hufikiwa? Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu; asiye na upwa na agaegae na uwanja wake.

Sasa tuingie kazini, maana mawaidha yasiyo na jembe ni kelele. Kwanza wahi. Mboji nzuri huchukua kama miezi mitatu kuiva, kwa hiyo anayeanza kurundika takataka za jikoni leo anaandaa vuli. Masika haya tumia samadi ya zamani, iliyolala hadi ikapoteza harufu. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi, na wengi walioapa kwamba udongo wao haufai walikuwa wameupika wenyewe. Tuta liwe na upana wa mita moja, si zaidi, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila mguu kukanyaga udongo uliokwisha kulainishwa. Na tuta la masika huinuliwa. La kiangazi ndilo huzamishwa ili lishike maji. Ukizamisha tuta mwezi Aprili umechimba bwawa.

Mchicha ndio mwalimu wa anayeanza. Mbegu zake ni ndogo mno, na ukizimwaga kwa ngumi zitaota zimesongamana kama nywele. Changanya na mchanga mkavu, ndipo utawanye kwenye vijifereji vifupi, ufukie kidogo sana. Funika kwa nyasi kavu, kwa sababu mvua moja ya kishindo huzikusanya mbegu zote pembeni mwa tuta, na sisimizi nao hawalali. Zikichomoza tu, ondoa nyasi. Wiki ya tatu au ya nne unakula. Ukiung'oa na mizizi yake, umekwisha; ukiukata na kuacha shina la nusu shibiri lenye majani mawili matatu, utachipua tena, na tena.

Matembele ni rahisi zaidi: marando yenye pingili tatu au nne, nusu ardhini nusu juu, basi. Bamia zataka kuroweka mbegu usiku mmoja, na zikianza kuzaa zataka mtu mwenye adabu ya kuchuma kila baada ya siku moja, kwani bamia uliyoisahau tangu Jumatatu, Alhamisi haitafuniki. Kunde zipande popote. Nyanya ziache. Najua kila anayeanza bustani huanza na nyanya, maana ndizo anazoziona kwenye picha, lakini masika ya pwani ni ukungu mtupu kwazo: majani yanakauka kwa madoa, tunda linaoza kabla ya kuiva. Sia kitaluni mvua zikianza kupungua, uhamishe miche kipupwe kikiingia mwezi Juni, nazo zitakushukuru. Kabichi za pwani nazo ni ubishi. Joto letu halizifai, na anayezitaka nzuri akapande Lushoto.

Niseme neno juu ya mboga tulizozidharau. Mnavu, mgagani, mlenda na msusa wa maboga viliitwa mboga za maskini, na vijana wakaona haya kuvila mbele ya wageni. Ilhali kule Tengeru, Arusha, tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga ambacho kazi yake kubwa imekuwa kuzikusanya mbegu za mboga hizo hizo, kuzichambua na kuziboresha. Wataalamu wanaweka kwenye majokofu kile tunachokipalilia na kukitupa. Majani haya ya kijani kizito yana vitamini A kwa wingi, nayo hufyonzwa vyema mwilini yakipikwa na mafuta kidogo, jambo ambalo bibi zetu walilifanya kwa nazi na karanga bila kusoma kitabu.

Kuna watakaonikubalia mpaka hapa, kisha wanikatalie maua. Watasema maua hayaliwi. Waende wakautazame mmea wa maboga uliotanda kwenye ua wao. Maua yake ya kwanza huwa madume tupu, na wengi hukata tamaa hapo. Ya kike huja baadaye, kila moja na kiboga kidogo nyuma yake. Nyuki asipopita asubuhi kulitoa vumbi la dume na kulipeleka kwa jike, kile kiboga hugeuka manjano na kuanguka. Nyuki huyo anaitwa na nini, kama uwanja mzima ni mchanga na saruji? Panda mrehani pembeni mwa tuta, uache baadhi ya vishada vitoe maua. Panda mwasumini karibu na dirisha. Mwenye nafasi apande mlangilangi, ingawa huo ni mti mzima na hautaki uchoyo wa ardhi. Zamani mwanamke wa Pwani alichuma maua ya vikuba uwanjani kwake. Siku hizi, kwa arusi ya bintiye, anatuma mtu sokoni.

Na katika sebule ya mtu huyo huyo utaona nini? Maua ya plastiki, yamejaa vumbi, yaliyovuka bahari nzima kuja kututia aibu. Na ya kwetu yaliyo hai yalikwenda wapi? Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul, aliliona katika milima ya Usambara ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Akalipeleka kwao, na wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina lake. Leo limejaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Ua jingine la kwetu Afrika Mashariki, Impatiens walleriana, huuzwa huko kwa maelfu ya miche kila msimu wao wa kuchipua unapoingia. Wao wananunua maua yetu yaliyo hai, sisi tunanunua yaliyokufa tangu kiwandani.

Nasikia utetezi. Hakuna nafasi, wasema wapangaji wa chumba kimoja. Mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi Kenya, wakazi wa Kibera, mtaa wa mabanda uliobanana wa Nairobi, walianza kupewa miche ya kupanda katika magunia: udongo na samadi, katikati nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, na matundu ubavuni ambamo sukuma wiki na spinachi huchomekwa. Kibera, wapendwa! Nani kati yetu ana nafasi ndogo kuliko Kibera? Na mpangaji akihama, huacha nyumba akabeba marando yake. Maji, je? Masika yenyewe ndiyo maji. Baadaye yapo ya kuoshea mchele. Ya sabuni usiyapeleke kwenye mboga za majani, migomba itayapokea. Utetezi wa kuku nauheshimu zaidi, kwa maana kuku hana ujirani, na kesi za kuku ndizo zinazowachosha wajumbe wa nyumba kumi. Zungusha wavu au matawi ya miiba kabla ya kusia mbegu, si baada.

Mambo mawili ya hatari nisiyapite. Usiache visahani vya maji chini ya vyungu vya maua, wala makopo yaliyojaa mvua, kwani mbu wa homa ya dengue, iliyotusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana humo humo. Na usinyunyizie mchicha dawa uliyopewa na rafiki kwenye chupa isiyo na karatasi ya maelezo. Twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni, maana jua huidhoofisha nguvu yake. Haitaua kila mdudu. Mashimo machache kwenye majani hayajawahi kumdhuru mlaji.

Lakini yote hayo, nafasi, maji, kuku, naona ni visingizio vya juu. Kikwazo chenyewe kimekaa ndani zaidi, na tumekitia wenyewe. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kila shule iwe na shamba lake, nia ikiwa njema. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na mwaka 1975 watu walikusanyika vikundi vikundi kando ya redio kufuata masomo ya Chakula ni Uhai. Hatukukosa wito. Ila katika shule nyingi jembe liligeuka fimbo ya pili. Aliyechelewa, akalime. Aliyepiga kelele, akapalilie ua la mwalimu. Mtoto aliyefundishwa kwa miaka saba kwamba udongo ni mahali pa wakosefu, akishakuwa bwana mwenye nyumba yake, atafanya nini na udongo? Ataufunika. Pevingi zile nilizozilaumu mwanzoni zilipangwa darasani zamani.

Kwa hiyo, walimu, nawasihi: tafuteni adhabu nyingine. Na ninyi wazazi, kabla mvua haijashuka, mkatieni mtoto kipande chake katika lile tuta, hatua moja tu, mweke vijiti kuonyesha mpaka. Mbegu achague yeye. Akitaka maua matupu, mwache. Akipanda mchicha, msimpalilie kwa siri usiku, wala msimsimamie kichwani. Ukifa kwa kusahauliwa, mbegu ni bei ndogo na vuli ipo. Ukistawi, aukate kwa mkono wake, upikwe jioni ile ile, na baba mwenye nyumba aombe kuongezwa.