Ituri: Video ya Rwampara iko La Haye, picha zingine za Bunia ziko wapi?

UCHAMBUZI – Tarehe 12 Februari 2003, kamera ilikuwa ikipiga picha ndani ya kambi ya Rwampara, karibu na mji wa Bunia. Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC wakati ule, alikuwa amefika kuwatembelea watu waliokuwa wakifundishwa uaskari. Kati ya waliosimama mbele yake kulikuwa na watoto. Miaka tisa baadaye, tarehe 14 Machi 2012, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (CPI) huko La Haye walitoa hukumu yao ya kwanza tangu mahakama hiyo kuundwa. Lubanga alipatikana na hatia ya kuandikisha watoto wenye umri chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Mwezi wa saba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka 14.

Kuna jambo moja katika hukumu ile ambalo wakaaji wengi wa Ituri hawakulisikia vizuri. Majaji walikataa kutegemea maneno ya vijana walioletwa mbele yao kama watoto-askari wa zamani. Waliona kwamba watu wa kati waliotumiwa kuwatafuta mashahidi hao wameharibu uaminifu wa habari zao. Maneno yalitiliwa shaka, lakini video ilibaki. Majaji waliangalia nyuso na miili ya watoto wale kwenye kanda, wakasema baadhi yao ni wazi hawajafika miaka 15.

Kwa hiyo kaseti moja kutoka Rwampara ilikuwa na uzito kuliko ushuhuda wa watu wengi. Lakini kaseti hiyo iliokoka kwa sababu ilifika mikononi mwa wapelelezi wa mahakama. Vipi picha zingine zote zilizopigwa Bunia na Ituri tangu watu walipoanza kuwa na kamera? Vipindi, habari, mikutano ya wakubwa, mechi za mpira, michezo ya kuigiza, ibada, mazishi: ziko wapi leo, na nani anaweza kuzirudisha mbele ya macho ya watu?

Njia tatu za kupoteza kipindi

Televisheni ilianza Kinshasa mwaka 1966. Tangu siku zile mpaka leo, nchi imebadilisha jina, bendera na watawala, na televisheni ya taifa imebadilisha jina pamoja nayo hadi kuitwa RTNC. Katika safari hiyo, vipindi vinapotea kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kufuta. Kaseti ilikuwa mali ya bei kali, na kituo kisichokuwa na pesa za kununua kaseti mpya kinarekodi juu ya ile ya zamani. Wakongo wasifikiri kwamba huu ni ugonjwa wa nchi maskini tu. BBC ya Uingereza ilifuta vipindi vyake vingi vya miaka ya 60 na 70, kwa sababu wakati ule hakuna aliyefikiri kwamba mtu atataka kuviangalia tena.

Njia ya pili ni vita na uporaji. Kinshasa iliporwa mwaka 1991 na tena mwaka 1993. Bunia nayo ilipita mikononi mwa vikundi mbalimbali kati ya 2002 na 2003, mpaka jeshi la Umoja wa Ulaya likaja na operesheni Artemis mwezi wa sita 2003. Katika miaka ile, anayeteka mji anatafuta kwanza redio. Redio Candip, iliyozaliwa ndani ya chuo cha ISP Bunia kwa kazi ya elimu, ilijikuta chini ya watu walioshika mji kwa silaha. Mahali ambapo mlango umevunjwa na wenye kazi wamekimbia, hakuna anayeulizia kaseti za vipindi vya zamani.

Njia ya tatu haina kelele: ni joto, unyevu na masini. Kanda ya sumaku inaoza polepole, inashika ukungu, utepe unanata. Na hata kaseti iliyo nzima inahitaji masini ya kuisomea. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza masini za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016. Mwaka uleule Sony iliacha kuuza kaseti za Betamax. UNESCO na wataalamu wa hifadhi za sauti na picha walitoa onyo mwaka 2019: karibu na mwaka 2025, kupata masini nzima, vipuri vyake na fundi anayejua kuitengeneza kutakuwa kazi ngumu sana. Muda huo tayari umefika. Anayengoja amani irudi kabisa ndipo afungue kabati anaweza kukuta kaseti ipo, ila hakuna kitu cha kuisomea.

Vilivyopotea vinaweza kupatikana

Hata hivyo, mifano ya Afrika inaonyesha kwamba kipindi kilichosemwa kimekufa kinaweza kufufuka, mara nyingi kutoka mahali ambapo mwenyewe hakufikiria.

Mwaka 2013, sehemu tisa za mchezo wa televisheni wa Uingereza unaoitwa Doctor Who, zilizofutwa na BBC zamani, zilitangazwa kuwa zimepatikana. Zilikutwa katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria. BBC ilikuwa imeuza nakala kwa vituo vya Afrika katika miaka ya 60, na Afrika ikatunza kile ambacho London ilitupa.

Jirani zetu wa Uganda wana mfano mwingine. Mwaka 2015, ndani ya shirika la utangazaji la UBC huko Kampala, ilifunguliwa hifadhi ya negativu karibu 70,000, nyingi zikiwa za wapiga picha wa serikali ya Idi Amin. Watu wengi waliamini kwamba picha hizo hazipo tena. Chuo kikuu cha Michigan na wenzake walisaidia kuziweka kwenye kompyuta, na mwaka 2019 sehemu yake ilionyeshwa kwa raia katika Jumba la Makumbusho la Uganda.

Kongo yenyewe inajua habari hii. Mwaka 1974 Kinshasa ilipokea tamasha kubwa la muziki, na tarehe 30 Oktoba pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Kamera zilipiga picha nyingi sana. Lakini filamu hizo zilikwama katika kesi na madeni, na filamu ya pambano, When We Were Kings, ilitoka mwaka 1996, miaka 22 baadaye. Filamu ya tamasha, Soul Power, ilingoja mpaka 2008. Vijana wa Kinshasa waliokuwa uwanjani walikuwa wamekuwa wazee.

Lakini mfano unaowagusa zaidi wasemaji wa Kiswahili cha mashariki ni ule wa Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo liliigiza maisha ya watu wa kawaida kwa Kiswahili cha Katanga, kwenye redio na kwenye televisheni. Mwaka 1981 watafiti Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha huko Vienna kitabu chenye maandishi ya michezo ya kundi hilo. Mwaka 1986 Johannes Fabian alifuatana na kundi wakati likitayarisha mchezo juu ya mamlaka, na mwaka 1990 akautolea kitabu. Maandishi ya Kiswahili hicho yanasomeka leo kwenye intaneti, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyowekwa na watafiti wa Amsterdam. Mtu wa Bunia anaweza basi kusoma mazungumzo ya mchezo ulioigizwa Lubumbashi karibu miaka 40 iliyopita, kwa lugha inayofanana na ya kwake. Tuseme wazi lakini: yaliyookolewa hapo ni maneno. Sura, mavazi na kicheko cha watazamaji ni kitu kingine.

Mifano hii yote ina kamba moja. Kilichookoka ni kile kilichokuwa na nakala mahali pengine, au kilichomkuta mtu mmoja aliyeona kwamba kina faida. Lakini kamba hiyo ina uchungu wake pia: kumbukumbu za Kongo ziko Brussels, Amsterdam, Vienna na La Haye kuliko zilivyo Bunia. Filamu Soundtrack to a Coup d'Etat ya mwaka 2024, juu ya uhuru wa Kongo na kuuawa kwa Lumumba, imejengwa kwa picha za zamani, na imetengenezwa na Mbelgiji, Johan Grimonprez. Mtoto wa Kongo anayetaka kutengeneza filamu kama ile anapaswa kwanza kuomba ruhusa, na mara nyingi kulipa, ili apate sura za wazee wake.

Kurudisha picha si kubonyeza kitufe

Hapa ndipo swali la Bunia linapokuwa gumu kuliko la London. Mchezo wa Doctor Who ukipatikana, watu wanafurahi na kuuangalia. Kaseti ya Bunia ya 2002 au 2003 ikipatikana, nani ataiangalia, na nani atakuwa amekaa pembeni yake?

Watoto wa Rwampara sasa ni watu wazima. Wengine wana wake, waume na watoto wasiojua chochote. Kuonyesha sura zao kwenye televisheni, au kutupa video kwenye WhatsApp, ni kuwahukumu mara ya pili bila kuwauliza. Halafu kuna waliouawa: familia moja itaona ndugu yake aliyepotea, nyingine itaona aliyemuua. Katika jimbo ambalo tangu mwisho wa 2017 limerudi katika mauaji, hasa katika eneo la Djugu, na ambalo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, video iliyokatwa na kuwekwa maneno mapya inaweza kuwa silaha. Rwanda ilijifunza hilo kwa damu kupitia redio RTLM. Lakini Rwanda haikuzifuta sauti hizo. Zimetunzwa katika hifadhi ya mauaji ya kimbari, na zilitumika kama ushahidi mahakamani Arusha.

Kuna hatari ya upande mwingine pia: kunyamaza. Lubanga alimaliza kifungo chake mwaka 2020. Mwaka 2025 alitangaza chama kipya, CRP, kinachopinga serikali, akiwa nje ya nchi. Kijana wa Bunia mwenye miaka 20 hakuwa amezaliwa wakati kamera ilipoingia Rwampara. Anasikia mambo ya 2003 kutoka kwa watu wa upande wake tu, kila jamii na hadithi yake. Pasipo picha zilizotunzwa vizuri na kuelezwa vizuri, anayekuja na hadithi tamu zaidi ndiye atakayewapata vijana.

Kampala imeonyesha kwamba kuna njia ya katikati. Picha nyingi za wapiga picha wa Amin zilikuwa za sherehe na mikutano, si za mateso. Kuzitundika ukutani bila maelezo ingekuwa kumsifu. Kwa hiyo waliotayarisha maonyesho walilazimika kufikiria pia wale ambao kamera haikuwaonyesha. Ituri itahitaji kazi hiyohiyo: kipindi cha zamani kirudi pamoja na mazungumzo, mbele ya jamii zote, na watu waliomo wakiwa wameulizwa kwanza.

Kazi inayoweza kuanza leo

Kazi ya kwanza haihitaji mradi mkubwa wala wafadhili. Ni kuandika orodha. Kila kituo cha redio na televisheni, parokia, shule na studio ya picha za harusi kinaweza kujua kina kaseti ngapi, za aina gani, za mwaka gani. Mara nyingi aliyefanya kazi ya kamera zamani ana sanduku nyumbani, na akifa, sanduku linatupwa pamoja na vitu vingine. Kaseti isimamishwe wima, mahali pakavu, mbali na jua na mbali na spika. Yenye ukungu isiingizwe kwenye masini, kwa sababu itaharibika na kuiharibu masini pia.

Kazi ya pili ni kuhamisha picha kwenye kompyuta na kuweka nakala zaidi ya moja, tena katika miji tofauti. Kuangushwa kwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025 kumekumbusha kila mtu kwamba mji mmoja si stoo salama. Nakala iliyo Bunia pekee haijaokolewa bado.

Kazi ya tatu ni ya serikali: kusema mali hii ni ya nani. Televisheni ya taifa ni ya raia, na vipindi vyake pia. Kinshasa inaweza kuomba nakala za picha za Kongo zilizo nje, ikiwa ni pamoja na zile zilizoonyeshwa wazi mbele ya CPI, na kupanga masharti ya kuzitunza na kuziangalia.

Na mwishowe, vituo vya leo vijiangalie. Kipindi cha wiki iliyopita kimewekwa Facebook, kisha kikafutwa kwenye kompyuta ili kupata nafasi. Ukurasa ukifungwa, kipindi kimekwenda. Kaseti ya 1985 iliweza kukaa kabatini miaka 30 ikimngoja mtu wa kuiokoa. Video ya leo haitangoja hata miaka mitano, na atakayeitafuta kesho hatakuta hata ganda lake.