Kitanda cha Wanandoa si Mali ya Ukoo

Ndugu Wakristo, toka milima ya Litembo hadi ufuko wa Mbamba Bay, mume akipooza au mke akikatwa mguu, wapo ndugu wanaowatenganisha vyumba na kusema ni huruma. Sisi twasema ni dhuluma. Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba wanandoa wasinyimane haki yao, wala hakuwatenga wagonjwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 nao, katika kifungu cha 23, unalinda ndoa ya mwenye ulemavu. Namna ya kukaribiana bila maumivu waamue wao wawili, kwa upole na ushauri wa daktari. Ukoo usaidie maji na kuni. Kitanda uwaachie wenyewe. Viongozi wa Jumuiya, msinyamaze.